Kila mbegu ina kitu inachosubiri

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi pale shule ya msingi ya mtaani kwetu, Morogoro, kwenye kikao cha wazazi na majirani. Mliokosa mmeniomba niyaandike, nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nimeongeza kidogo tu pale niliposahau siku ile.)

Shikamooni wazee wangu, akina mama hamjambo, vijana mambo zenu. Mwalimu mkuu ahsante kwa kutupa kivuli cha huu mwembe, na mwenyekiti wa mtaa ahsante kwa maiki, japo nimefundisha darasani miaka 31 na sauti bado ipo, hata yule aliyekaa kule ukutani atanisikia.

Juzi nilitembea mtaa wetu wote kuanzia kwenye kisima mpaka barabara ya lami, nikawa naangalia mbele ya kila nyumba kuna nini. Miashoki imejipanga kama askari, hiyo asili yake India na Sri Lanka. Bogenvilia, Amerika Kusini. Mkrismasi huu unaotupendezea kila Desemba, kwao Madagaska. Mwarobaini umekuja kutoka upande wa India, na huu mwembe tuliokaa chini yake mababu zake walivuka bahari kutoka Asia. Sisemi vibaya, mwembe nani ataukataa. Ila nyumba zaidi ya arobaini nilizopita, mti wenye asili ya hapa hapa niliuona kwenye nyumba tatu, na zote tatu nyumba iliukuta mti, yaani mtu alijenga akauacha. Hamna hata mmoja aliyeupanda kwa mkono wake. Hilo likaniuma, ndo maana nimeomba nafasi leo.

Manake wenzetu walikuja wakachukua mbegu zetu wakazipanda. Pale Tanga mwaka 1892 kulikuwa na mkuu wa wilaya Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona vimaua vya zambarau kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Leo kile kiua kinakaa madirishani dunia nzima, Wajerumani mpaka leo wanakiita kwa jina la Usambara, na zile za porini zenyewe nyingi ziko hatarini kwa sababu msitu unakatwa. Kuna na kile kingine chenye maua laini bapa, mekundu au ya pinki, ukigusa tunda lililokomaa linapasuka linarusha mbegu mkononi, kinapenda kivuli na maji. Hicho mwaka 1882 Waingereza walikipa jina la kisayansi la kumheshimu Sultani wa Zanzibar, mbegu zilitoka kwa John Kirk aliyekuwa balozi wao mdogo pale Unguja. Ulaya kinauzwa kwa trei kila majira ya joto. Kwa hiyo mtu asiniambie vya kwetu havina uzuri, na asiniambie havipandiki.

Sasa kwa nini tunanunua mche wa ashoki barabarani na mbegu ya mkongo tunaikanyaga? Jibu nililolipata kwa kuuliza watu ni kwamba wengi mmeshajaribu. Umeokota mbegu, umefukia kwenye kopo, umemwagilia wiki mbili, kimya, umetupa, alafu unamwambia jirani miti ya porini haioti nyumbani. Jamani inaota. Tatizo tunaifanyia kama mahindi. Mahindi watu wameyachagua miaka na miaka, ile inayoota haraka ndiyo inayobakizwa mbegu, ukifukia leo baada ya siku chache imetoka. Mbegu ya porini hajaichagua mtu. Yenyewe inajua mvua ya kwanza ya vuli ni muongo, inanyesha siku mbili jua linarudi wiki tatu, na aliyeota siku ile amekufa. Kwa hiyo inajifunga inasubiri. Kila moja ina kitu chake inachosubiri, kazi yako wewe nyumbani ni kujua hii ya kwangu inasubiri nini, ukishajua hilo umemaliza nusu ya kazi.

Tuanze na mbuyu kwa sababu mbegu zake mnazo majumbani sa hivi. Ubuyu. Watoto wanamung'unya wanatema mbegu kila mahali na hatuoni mbuyu umeota uani, kwa nini? Kwanza ule wa rangi, ule mwekundu wa sukari, umepikwa, hiyo mbegu usihangaike nayo. Chukua ubuyu mweupe mkavu wa sokoni, loweka, sugua ule unga utoke wote, utabaki na mbegu ya kahawia ngumu kama kokoto. Ganda hilo ndilo linalozuia maji yasiingie. Porini tunda linaliwa na tembo, linaliwa na nyani, mbegu inapita tumboni inalainishwa kidogo alafu inaangushwa mbali na mama yake pamoja na samadi yake. Sisi hatuna tembo uani kwa hiyo kazi ya tembo tunaifanya wenyewe. Angalia mbegu yako, ina kitovu, pale ilipokuwa imeshikwa kwenye tunda. Hapo usiguse, mzizi unatokea upande huo. Geuza upande wa pili, chukua nelikata au msasa, kwangua mpaka uone rangi ya ndani imebadilika kuwa nyeupe nyeupe, basi, usiende ndani zaidi. Loweka usiku mmoja. Asubuhi utakuta zingine zimevimba, hizo zimekunywa, hizo sia siku hiyo hiyo, zile ambazo hazijavimba kwangua tena.

Kuna njia ya maji ya moto pia, ukiwa na mbegu nyingi ni rahisi zaidi: chemsha maji, epua, mimina juu ya mbegu kwenye bakuli, ziache humo mpaka yapoe yenyewe mpaka kesho. Nimesema epua. Mbegu zisiwe jikoni zinachemka. Mwaka wa kwanza nilizichemsha kama maharage kwa sababu niliyenunua kwake alinielekeza hivyo, nikasubiri miezi minne, nilipofukua zilikuwa zimeoza zote.

Na hata ukifanya vizuri mbuyu hauoti kwa pamoja. Mmoja wiki ya pili, mwingine mwezi, mwingine miezi mitatu baadaye unashangaa katokea wapi. Kwa hiyo udongo wa lile kopo usiumwage.

Hiyo ya kukwangua inafaa mbegu nyingi za ganda gumu. Mgunga, mkwaju, mwambangoma ule wa maua mekundu ambao ndege wale chozi hawaachi kuufuata, mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi mabinti wanatunga shanga (ila zina sumu, watoto wadogo wasitafune). Mkwaju ndio mwepesi kuliko wote, mbegu uliyotoa kwenye juisi yako ya ukwaju, kama hujaichemsha, loweka siku moja, sia, ndani ya wiki moja au mbili inanyanyua udongo. Anayeanza kabisa aanze na huo apate moyo. Mkongo nao, ile mbegu nyeusi yenye kofia ya rangi ya chungwa, ni nzuri mpaka watu wanaifanya pambo. Ile kofia iondoe, panya na wadudu wanaifuata hiyo, kwangua mbegu kidogo, loweka, wiki mbili au tatu mche unatoka na majani manene mazuri, mtoto wa darasa la pili anauweza.

Upande mwingine kuna mbegu ambazo zenyewe hazisubiri kabisa, na hapa ndipo wengi tunaziua kwa wema. Tumefundishwa kukausha mbegu juani. Mnwamaji, mti wa kivuli mzuri sana kwa uwanja wa nyumba, mbegu nyeusi ndani ya nyekundu, ukiianika imekufa. Mzambarau mwitu, hivyo hivyo. Hizo ukiokota leo, menya, osha, sia leo hii au kesho. Mbegu yenye nyama na unyevu ndani haijui kulala. Na kule pwani wenye mikoko mnajua zaidi yangu, mkandaa mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama kalamu mpaka idondoke ichome kwenye tope.

Za upepo ni rahisi lakini zina haraka kwenye kuzivuna. Ile adeniamu, wengine mnaiita waridi la jangwani, mnainunua bei mbaya kwenye vyungu vya kisasa na ni ya nyika zetu hizi hizi kavu, inatoa tunda kama pembe mbili, siku likipasuka tu mbegu zimeshapaa na manyoya yake. Likianza kunenepa livishe soksi nyembamba ya kike au lifunge uzi. Mbegu mpya unaziweka juu ya mchanga mwingi na mboji kidogo, unafunika kidogo sana, ndani ya wiki zinaota. Utomvu wake ni sumu, zamani ulipakwa kwenye mishale, nawa mikono. Mpingo nao ganda lake ni jepesi kama karatasi, ndani mbegu moja au mbili, pukuchua, loweka siku moja, sia. Mpingo hauhitaji nelikata wala maji ya moto. Huu mti Wamakonde wameuchonga, Ulaya wanatengenezea zumari zao, tunausifu kwamba ndio mti wetu wa taifa alafu mbegu yake inayoota ndani ya wiki mbili tatu hakuna anayeisia.

Alafu zile ndogo kama vumbi. Mvule, hicho kiua cha Usambara, kile cha Sultani. Hizi usizifukie, zinataka mwanga, zinataka kukaa juu ya udongo uliochekechwa laini. Nyunyiza, gandamiza kidogo kwa kiganja, funika kopo kwa plastiki angavu ili unyevu usitoke, na maji usimwage kwa juu utazisomba zote kona moja, weka kopo lenye matundu ndani ya beseni lenye maji kidogo lijinyonyee kwa chini. Mbegu zilizobaki zote fukia kwa kipimo kimoja tu, kina kiwe mara mbili ya unene wa mbegu yenyewe. Mbegu ya mkongo kama pingili ya kidole, ya mgunga kidogo sana. Watu wanafukia kila kitu kina cha mahindi.

Udongo nisiseme sana. Mi natumia karai tatu za udongo mweusi wa juu, moja ya mchanga wa mtoni, moja ya samadi iliyooza vizuri, ile ambayo ukinusa hainuki. Samadi mbichi inaunguza. Viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, mkikosa kuna mifuko ya maziwa, kuna chupa za maji zimejaa mitaroni, kata, toboa chini.

Ila kinyausi lazima nikiseme. Miche imeota vizuri, siku ya tano unaamka imelala chini yote, shingoni pale inapotokea ardhini imebana imekuwa nyembamba kama uzi. Watu wanasema ni jicho baya la jirani. Jamani jirani hajafanya kitu! Ni ukungu wa kwenye udongo, unakuja pale ambapo umesia kwa msongamano, umemwagilia jioni udongo umelala na maji, na hewa haipiti. Sia kwa nafasi, mwagilia asubuhi, juu tandaza mchanga mkavu kidogo, na ule udongo wa kusia unaweza kuumwagia maji yaliyochemka siku moja kabla, uache upoe. Ukiona umeanza, ondoa iliyoanguka na udongo wake, punguza maji, sogeza penye upepo.

Sasa naomba mnisikilize hapa kwenye mninga, nimeuacha mwisho kwa makusudi.

Mninga wote mnaujua kwa kitanda na mlango. Tunda lake ni duara bapa lenye bawa pembeni, katikati lina miiba kama brashi. Mbegu iko humo katikati, kuitoa ni kazi ya kisu na subira, unapasua pembeni pole pole na ukikosea umeikata. Porini nyingi hazioti kabisa. Mwaka 2011 nilikaa jioni nyingi kibarazani napasua, nikapata miche 26. Nilifurahi jamani. Masika yote inakua, majani mazuri. Kiangazi kilipofika, Julai hivi, ikaanza kukauka kwa juu, mmoja mmoja, mpaka Agosti vyote vikawa vijiti vikavu. Nikasema nimeiua, nimekosea maji, nimekosea udongo. Nikaing'oa yote nikaitupa kwenye shimo la taka, na wakati naitupa niliona mizizi minene kama karoti, nikauvunja mmoja, ndani mweupe, umejaa maji, mzima kabisa. Sikuelewa.

Baadaye sana, mzee mmoja aliyefanya kazi ya misitu maisha yake yote ndiye aliyenieleza. Mninga mchanga ndivyo ulivyo. Kila kiangazi unakufa juu, shina linakauka, moto wa porini upite usikute kitu cha kuunguza, na chini mzizi unaendelea kunenepa. Mvua zikirudi unatoa shina jipya. Unafanya hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, hata na zaidi, mpaka mzizi umeshiba, ndipo mwaka mmoja unatoa shina ambalo haliangalii nyuma tena, linapanda moja kwa moja. Miche yangu 26 ilikuwa hai yote siku niliyoitupa. Mpaka leo nikipita fundi seremala anapasua ubao wa mninga nakumbuka lile shimo.

Kwa hiyo atakayeotesha mninga, auweke mapema ardhini kwa sababu ule mzizi hauwezi kuvumilia kiriba, achomeke kijiti chenye alama pale pale, na awaambie wote nyumbani, dada wa kazi, watoto, anayekuja kufyeka nyasi, kwamba hapo pana mninga hata kama hawaoni kitu. Mbuyu vile vile, ukiwa mdogo unapukutisha majani kiangazi unabaki fimbo, usimwagilie sana ukiwa hivyo utaoza. Kwangu nina mninga minne sasa ya mwaka 2014. Mitatu imeshapita paa la nyumba. Mmoja ulikawia, mwaka juzi ndio ulisimama.

Kuhusu kuokota mbegu. Usiokote zote chini ya mti mmoja. Miche yote ikiwa ya mama mmoja ni ndugu, watakuja kuchavushana ndugu kwa ndugu na kizazi kinachofuata kinakuwa dhaifu. Pita kwenye miti mitano, kumi ukiweza, iliyoachana, mzuri na wa kawaida wote, na mingine uache chini kwa ajili ya ndege, na panya wa porini, na msitu wenyewe. Hifadhini usiingie bila ruhusa. Mbegu zenye vitundu zimebunguliwa, mdudu yuko ndani au ameshatoka, tenga. Za ganda gumu ziweke kwenye maji, zinazoelea mara nyingi ni tupu. Zile zinazokubali kukaushwa zihifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko na majivu kidogo, andika jina, mwezi, na umeokota wapi. Andika jamani, mi nina chupa tatu ndani sijui ni nini. Na ukikosa kabisa, hapa hapa Morogoro TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, wana kituo cha mbegu za miti, wanauza kwa kilo na hata kwa gramu.

Mama mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, hii si kazi ya wataalamu? Jirani zetu Kenya, Wangari Maathai alipoanza kupanda miti na akina mama mwaka 1977 maswali yalikuwa hayo hayo, akina mama wa vijijini hawana vyeti vya misitu watawezaje. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaotesha kwenye walichokuwa nacho, hata vyungu vilivyovunjika. Kufika 2004 amepewa tuzo ya Nobel ya amani, na miti ilikuwa mamilioni.

Sasa hivi ni mwisho wa Septemba, huu ndio wakati. Mikwaju imeiva, mabuyu yameiva, maganda ya mkongo yanapasuka, mninga bado umening'iniza matunda. Ukisia wiki hii na ijayo, Januari mche uko kwenye kiriba una majani, Februari unaanza kuupunguzia maji na kuusogeza juani kidogo kidogo ukomae, na viriba unavihamisha kila baada ya wiki mbili ili mzizi usiingie ardhini, masika ikishika Machi unapanda. Pale dukani unaponunua ashoki huwezi kupanga hivi.

Nimemaliza kuongea, tusogee pale mezani. Bakuli la bluu ni mkwaju, umeshalowekwa tangu jana kwa hiyo anayechukua asie leo jioni asiniambie kesho. Kwenye sahani ni mkongo, kila mtu mbegu tatu, bado hazijakwanguliwa, nelikata ninazo mbili tu na msasa kipande, tupokezane. Mbuyu uko kwenye mfuko wa karatasi, chukueni mnavyotaka. Mninga nimepasua mbegu 19, hizo nampa aliye tayari kuandika jina lake na mahali atakapouweka kwenye daftari hili, na kila mwaka mvua za kwanza nitapita kuangalia. Watoto watangulie.